Maoni Yangu kwa Hadithi ya Mazishi

Jamani, hata sasa nikikumbuka naona aibu. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, niliingiza hadithi kwenye shindano la mtandaoni. Tulitumia majina ya bandia, na kila mshindani alitakiwa kupigia kura hadithi za wenzake na kutoa maoni.

Ijumaa, katika intaneti kafe pale Moshi mjini, nikakuta hadithi ya mume anayemzika mkewe kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, inanizidi kura. Wivu ukanishika. Nikaipa alama moja na kuandika: "Mwandishi huyu hajawahi kufiwa. Machozi yake ni ya kitunguu."

Jumatatu Mzee Elisante, makamu wa mkuu wa shule yetu, akaniita ofisini.

"Shikamoo, mzee," nikamsalimu.

"Marahaba. Kaa." Akanisogezea karatasi zilizochapwa hadithi ile ya mazishi. "Hadithi hii ni yangu. Nionyeshe nilipokosea."

Nikasema imeandikwa vizuri mno, na aliyeikosoa ni mjinga tu.

Akageuza karatasi taratibu. Chini ya maoni yale lilikuwepo jina langu kamili. Mimi ninayewahimiza wanafunzi wasome maelekezo, nilikuwa nimelijaza penye nafasi ya jina la bandia.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "siku tunamzika mke wangu, Mama Neema, si wewe uliyebeba msalaba?"