Mabaka ya Papa, Mabaka ya Chui

Harufu ya papa mkavu ilitangulia kuingia nyumbani kwetu katika mji wa Baraka, kando ya ziwa, kisha ndipo shangazi, dada yake baba, akaonekana mlangoni. Ilikuwa harufu nzito ya chumvi, ngeni kwetu tuliozoea samaki wa ziwa. Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi msichana wa kuota meno ya pili. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu wa kiume, na maziwa yalikataa kutoka. Upepo ulikuwa umezuia mitumbwi isitoke, nasi tulikula sombe tupu, majani ya muhogo bila samaki. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka, na kilio kile cha mdomo mtupu kilituchosha kuliko makelele.

Shangazi alikuwa amevuka ziwa kutoka Kigoma, ambako papa mkavu wa pwani aliletwa kwa treni. Alisema wanawake wa pwani wakinywa mchuzi wa papa, maziwa hujaa. Alipofungua kifurushi, bibi, mama yake mama, aliyeteremka kutoka milima ya Fizi kumuuguza bintiye, alirudi nyuma. Ngozi ya samaki yule ilikuwa ya manjano, imejaa mabaka meusi. Katika ukoo wa bibi chui hakuliwa; akiuawa alipelekwa kwa mwami, mtawala wao, na mwanamke mzazi hakuruhusiwa hata kugusa ngozi yake.

“Hii iko na mabaka ya chui,” bibi alisema. “Mutoto yangu hatakula.”

“Lakini mama, chui iko ku mulima, na hii inatoka ku bahari. Biko na udugu gani?” shangazi alimjibu.

Wakaanza kuwalinganisha wanyama wale wawili, huku mtoto akinyonya hewa. Shangazi alionyesha mapezi, akauliza chui ana mapezi wapi. Alinishika mkono akaupitisha juu ya ngozi, ikanikwaruza kama ulimi wa ng’ombe. Bibi hakutikisika: wazee walikataza mabaka, hawakutaja manyoya. Wagombanapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na nyasi zetu zilikuwa zimelala mkekani. Niliwachukia wote wawili.

Mama alijiinua kwa kiwiko.

“Nimechoka,” alisema. “Munipatie tu nikule.”

Shangazi akapika, mama akala. Bibi alimtazama mpaka kipande cha mwisho, akasema mwacha mila ni mtumwa, akajifunga kitenge na kurudi mlimani. Maziwa yalikuja. Kama yaliletwa na papa au na shibe tu, sijui. Mdogo wangu alipona, lakini bibi alifariki bila kumpakata hata mara moja.

Sasa mimi ni mzee. Tumekimbia vita mara nyingi, tukala kila tulichogawiwa bila kuuliza kimetoka wapi. Mjukuu wangu aliyesoma ameniambia chui na papa ni ndugu wa mbali sana, kwa kuwa wote wana uti wa mgongo. Kumbe bibi hakukosea sana. Juzi mjukuu huyo alijifungua. Kabla sijampa chakula nilimuuliza kama anajua ukoo wetu una mwiko gani. Alinitazama, hakujua ninauliza nini, akanyoosha mkono apewe sahani. Nilimpa. Kisha nikatoka nje, nikamlilia bibi kwa mara ya kwanza.