Laini Aliyoniachia Mume Wangu

Siku mume wangu aliposafiri, laini yake ilianza kulia kabla hata ndege haijaruka.

Ililia mkobani mwangu. Nikapokea nikiwa bado nje ya uwanja, macho mekundu, leso imelowa.

"Haloo." Sauti ya mwanamke, nyororo, kama ya mtu aliyezoea kubembeleza. "Naomba kuongea na mwenye simu."

"Wewe ni nani?"

"Ni mambo yake binafsi, dada. Atapatikana saa ngapi?"

Nikakata.

Ngoja nieleze hiyo laini ilifikaje mkobani mwangu.

Mume wangu alikuwa mchomeleaji. Alipata mkataba wa miaka miwili kwenye karakana ya vyuma nje ya nchi. Wiki moja kabla ya safari tulikwenda dukani kutafuta namna ya kuwasiliana isiyotuumiza. Muuza simu akatupa njia tatu.

Ya kwanza, aende na laini yake ya hapa na aitumie huko huko. "Hiyo sahau, kaka. Ukisema haloo tu, mshahara umekwisha."

Ya pili, anunue simu ya laini mbili. Ya nyumbani iwe ya kupokea ujumbe tu, ya huko ainunue akifika kwa ajili ya intaneti. Nzuri, lakini simu yake ilikuwa ya laini moja na bado nzima, na mume wangu hakuwa mtu wa kutupa kitu kizima.

Ya tatu, aende na simu yake, aiwekee laini ya huko, tuongee kwa intaneti. Laini ya nyumbani ibaki kwangu, kwenye kisimu cha batani, maana benki hutuma namba za siri kwenye laini hiyo. Zikija, namsomea.

"Hiyo ya tatu," mume wangu akasema.

Muuza simu akacheka mpaka akashika kaunta. "Kaka, laini ya miaka kumi na miwili unamwachia mke? Wewe ni jasiri au hujafikiri?"

"Mimi sina cha kuficha."

Nilitoka dukani natembea kama bibi harusi.

Sasa ona.

Yule mwanamke akapiga tena kesho yake, saa nne asubuhi. Na wiki iliyofuata, saa nne ile ile. Kila mara "mwenye simu". Kila mara "binafsi". Namba yake nikaihifadhi kwa jina la Mwizi.

Mimi nafanya kazi kwa dobi, chumba cha kupiga pasi. Nikamsimulia mwenzangu mmoja tunayemwita Redio. Kosa la kwanza hilo.

"Saa nne?" Redio akasimamisha pasi yake. "Huyo kazoeshwa, mama. Anajua saa nne wewe uko kwenye mvuke huku."

"Usinitie maneno."

"Nikutie mimi? Mbona shati linaungua?"

Kweli, lilikuwa linaungua.

Kosa la pili, sikumwambia mume wangu. Nilitaka ajitaje mwenyewe. Jioni moja tukiongea kwa video, yeye kakaa kwenye kitanda cha juu, soksi zimeanikwa nyuma yake, nikamrushia:

"Baba watoto, kuna jambo hujaniambia?"

Akanyamaza. Si kwa muda mrefu. Lakini mume wangu hakuwahi kukosa jibu.

"Jambo gani?"

"Nakuuliza wewe."

"Hakuna, mama. Watoto wamekula?"

Ule ukimya ulinitafuna. Nilinusa mashati aliyoyaacha kabatini kama mbwa wa polisi. Yule mwanamke nikampa sura, nikampa kiuno, nikamvika mpaka viatu. Usiku kwenye ndoto alikuwa ananisalimia kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo iliyonichoma zaidi.

Alipopiga tena, nikammaliza.

"Sikiliza, wewe usiye na haya. Huyu ana mke na watoto wawili, na simu iko kwa mkewe. Ukipiga tena nakufuata huko huko uliko."

"Dada, tafadhali, nisikilize kwanza, ni muhimu sa..."

Nikakata. Nikaifungia namba yake isiingie tena. Siku hiyo nilipiga pasi huku naimba.

Mwezi wa tano tangu aondoke, mume wangu alianguka kazini. Alikuwa amevaa barakoa ya kuchomelea, wenzake wakadhani ameinama tu. Msimamizi wao ndiye aliyenipigia. Moyo umesimama, akasema. Nilisubiri aendelee.

Alirudi ndani ya sanduku, tukamzika.

Wiki tatu baada ya mazishi, kile kisimu kikalia. Namba ngeni, sauti ile ile.

Sikuwa na nguvu hata ya kutukana. "Dada, amekufa. Hakuna tena wa kugombania. Niache."

Akauliza polepole, "Ni moyo?"

Nikakaa sakafuni. "Umejuaje?"

"Mimi ni nesi, mama. Alikuja kliniki kwetu siku mbili kabla ya safari, kifua kinambana. Majibu yalitoka asubuhi ile ya kuondoka. Daktari alitaka arudi haraka, asipande ndege. Sikuruhusiwa kumwambia mtu mwingine. Na mwenyewe alinisihi: 'Mke wangu asijue, atanizuia.'"

Kwenye fomu alikuwa ameandika namba aliyoizoea kwa miaka kumi na miwili. Ile ile aliyokuwa ananiachia mimi. Nadhani alipoona hawampigii, alijihesabu mzima.

"Ulipiga mara ngapi?"

"Zilizopokelewa na zisizopokelewa, kumi na moja."

Naandika haya ili nisije siku moja nikajisimulia vingine. Na nitasema kweli yote: hata leo nikikumbuka kwamba siri yake alimpa mgeni na mimi akaninyima, wivu unanipanda. Namwonea wivu mwanamke ambaye kosa lake lilikuwa kutaka mume wangu aishi.

Wewe unayesafiri, ukimwachia mtu laini yako, mwachie pia majina ya watakaoipiga. Na wewe uliyeachiwa, akipiga mtu usiyemjua, mwambie mwenzako siku hiyo hiyo. Hata kama unaumia. Hasa kama unaumia.

Nesi alikuwa na jambo jingine siku ile. Ugonjwa ule, alisema, unaweza kutembea kwenye damu ya ukoo.

Wanangu wanapimwa Alhamisi. Mkubwa ana miaka tisa, mdogo sita.