Siku Kumi na Moja za Kutafuta Kasi

Barua pepe ya msimamizi wa tasnifu yangu ilinifikia Lodwar asubuhi ya Jumatatu moja mwaka 2013, nayo ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilinisalimu. Ya pili ilieleza kwamba kati ya watu arobaini na mmoja niliowahoji kuhusu mifugo iliyokufa kwa ukame, ishirini na sita, wengine wa Lowarengak na wengine wa Kainuk, watu ambao hawajawahi kuonana, walidai kubakiwa na mbuzi kumi na wawili. Ya tatu iliuliza, kwa adabu iliyoniumiza kuliko tusi, kama kweli niliwahoji. Nilitakiwa kutuma sauti zote kama zilivyorekodiwa kabla ya saa kumi na moja jioni, Ijumaa ya juma lililofuata. Zisipofika, kamati ingechukulia kwamba nimezitunga, na jina langu lingefutwa katika orodha ya watahiniwa.

Nilikuwa nimewahoji. Nilikuwa nimelala juu ya mchanga wa Longech nikisubiri wavuvi warudi, nimekaa siku mbili Kainuk nikisubiri mzee mmoja amalize kunywesha ngamia. Niliisoma barua ile mara mbili, kisha nikafanya jambo ninalofanya kila ninapoogopa: nikapiga hesabu. Kwa kasi ya modemu yangu, sauti zile zingehitaji siku kumi na tisa kupanda mtandaoni. Nilikuwa na kumi na moja. Msimamizi alikuwa ng'ambo muhula ule, hivyo nisingeweza kumpelekea diski kwa basi. Na barabara ya Kitale, ambako kulikuwa na mtandao wa maana, ilikuwa imefungwa kwa sababu ya risasi za wezi wa mifugo. Nilibaki na chumba changu, kipakatalishi changu, na modemu iliyochomekwa ubavuni mwake.

Nilianza na kompyuta yenyewe. Nilizima masasisho yaliyojipakua bila kuniuliza, nikafuta programu zilizojifungua kila nilipoiwasha, nikaizuia programu ya kuzuia virusi isizungumze na makao yake. Nilifungua daftari na kila nusu saa nikaandika mambo matatu: saa, kasi, na idadi ya vijiti vinavyoonyesha nguvu ya mtandao. Kasi haikubadilika. Vijiti vilikuwa vitatu. Nikajiridhisha, kwa mantiki niliyoiona haina ufa, kwamba kasi ilikuwa ndogo kwa sababu vijiti vilikuwa vichache, na kwamba vilikuwa vichache kwa sababu chumba kilifunikwa kwa mabati. Alhamisi nilinunua kebo ya kurefusha, nikaifunga modemu katikati ya sufuria pana ili sufuria ikusanye mawimbi, nikapanda juu ya paa.

Mama mwenye ploti ya vyumba tulivyopanga, mfanyabiashara wa ngozi za mbuzi ambaye tangu nihamie hakuwahi kuniita kwa jina, alitoka akasimama uani.

"Wewe! Daktari ya mbuzi! Unafanya nini juu ya nyumba yangu?"

"Natafuta mtandao, mama."

"Mtandao iko kwa bati yangu? Shuka. Watu wanasema unapimia ardhi wale wa kampuni ya mafuta."

"Simpimii mtu yeyote. Hii ni modemu."

"Hiyo ni sufuria."

Sikushuka mpaka nilipopata vijiti vitano. Vilisimama vyote, vimejaa, vimenyooka, nami nikaviandika katika daftari kwa kalamu nyekundu. Kasi ilikuwa ileile. Siku ile nzima na Ijumaa yote niliigeuza sufuria kidogo kidogo, na mama akapita chini yangu akiwaambia wapangaji wenzangu, kwa sauti niliyokusudiwa kuisikia, kwamba watu wa Kenya, yaani sisi tuliotoka kusini, wakisoma sana wanaharibika. Kufikia jioni ya Ijumaa nilikuwa nimetuma mahojiano manne.

Jumamosi nilikwenda Kakuma, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba katika kambi ya wakimbizi kuna saiba, duka la intaneti lenye dishi lake. Mwenyewe alikuwa mwanamume wa Sudan Kusini aliyekulia kambini, amevaa msalaba wa mbao shingoni. Benchi lilikuwa limejaa watu wanaosubiri zamu.

"Faili ngapi?"

"Zimebaki thelathini na saba. Kubwa."

"Hapana. Ukianza wewe, hawa wote wanalala. Huyu anaongea na mama yake Juba. Nimfukuze?"

"Nina barua ya chuo kikuu."

"Barua haina kasi," alisema, na benchi likacheka. "Nyumbani unatumia nini?"

Nilimpa daftari, kwa kujigamba kidogo, nakiri. Alilipekua kurasa mbili tatu.

"Vijiti tano. Vijiti tano. Vijiti tano. Hii ni kuni? Unapika?"

Alichomeka modemu niliyokuja nayo, akafungua ukurasa wa mipangilio ambao sikuwa nimeugusa hata mara moja, akanionyesha. Modemu ilikuwa imeachiwa ijichagulie, na kila mara ilichagua mtandao wa zamani, kwa kuwa mnara wake ulikuwa karibu na ulisikika kwa nguvu. Nguvu ile ilikuwa ya njia nyembamba ambayo simu zote za mji zilipitia. Mtandao mpya ulikuwepo Lodwar, ila ulisikika kwa mbali. Alibonyeza mahali pamoja, modemu ikakatazwa kuutumia wa zamani, na vijiti vyote vikatoweka.

"Huku kwangu haishiki. Enda Lodwar, tafuta mahali iko kijiti moja. Moja tu. Kalas, imeisha. Sasa toka kwa kiti, kuna watu."

Nilimchukia njia nzima ya kurudi Jumapili. Kosa lake lilikuwa kwamba alisema kweli mbele ya benchi zima.

Jumatatu nilizunguka uani na kompyuta mkononi kama mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka. Chumbani mwangu, hakuna. Juu ya paa, kwenye sufuria, hakuna. Kijiti kimoja kilijitokeza mahali pamoja tu, nje ya dirisha la sebule ya mama, nami nilikuwa nimesimama pale, uso karibu na wavu, alipolifungua pazia.

"Sasa ni dirisha!"

Nilimweleza kila kitu: barua, tuhuma, siku nne zilizobaki. Alisikiliza bila kuniambia niketi. Kisha akatoa masharti: sufuria ishuke saa hiyohiyo, nifanye kazi yangu mchana tu akiwepo, na nisiguse kitambaa cha meza. Modemu niliiweka juu ya friji yake. Kwa kile kijiti kimoja, mahojiano ya kwanza yalipanda kwa muda ambao hapo awali usingetosha hata dakika tano za sauti.

Tulikaa hivyo siku nne, yeye akipanga risiti zake za ngozi, mimi nikitazama asilimia. Ijumaa, saa tisa alasiri, zilibaki faili tatu. Moja ilikataa kupanda, nikaifungua kuhakikisha haijaharibika. Sauti ya mwanamke ikajaza sebule, kwa Kiturkana, kisha ya mkalimani wangu. Niliizima haraka, lakini mama alikuwa ameshaanza kucheka.

"Mbuzi kumi na mbili," alisema.

"Ndivyo alivyojibu."

"Na wewe ukaandika. Mtu hahesabu mbuzi yake mbele ya mgeni. Mimi nikikuuliza hiyo namba ya siri ya kompyuta yako, utaniambia?"

"Lakini kwa nini wote kumi na wawili?"

"Wale wa misaada, wakati ya ukame, walikuwa wanaandika mwenye mbuzi yake iko chini ya kumi na tano. Ukisema tatu, wanajua ni uongo. Ukisema kumi na mbili, wanaandika, wanaenda. Kila mtu anajua."

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Hukuniuliza. Ulipanda bati."

Nilitazama skrini. Faili tatu zingepanda zote kabla ya saa kumi na moja, na zikipanda, nimesafishika: sauti ni za kweli, siku ni za kweli, mkalimani ni wa kweli. Msimamizi hakujua Kiturkana wala desturi ile. Hakuna aliyeniomba niongeze neno. Lakini sura ya nne yote ilisimama juu ya namba ile, na mtu wa kwanza kuitilia shaka alikuwa msimamizi huyohuyo, niliyemlaani kwa siku kumi na moja.

Faili ya mwisho ilipanda saa kumi na dakika kumi na mbili. Nilitumia muda uliobaki kuandika barua fupi: kwamba mahojiano yalifanyika, kwamba idadi ya mbuzi si ya kweli na sababu yake ni hii, na kwamba naiondoa sura ya nne. Niliituma dakika ishirini kabla ya muda kwisha.

Jibu lilikuja Jumatatu. Tuhuma imefutwa, sura imeondolewa, nimeongezewa mwaka mmoja. Neno samahani halikuwamo. Nililisoma nikiwa nimesimama sebuleni kwa mama, kwa kuwa ndiko mtandao ulikokuwa, naye akaniuliza kama nimemaliza, maana nilikuwa nimemzibia mlango wa friji.