Mchambua Kahawa Aliyetazama Sinema kwa Nyuma ya Kitambaa

Saa mbili asubuhi jua limeshafika kwenye dirisha la ghala la kahawa mjini Tarime. Wegesa Waitara amekaa mkekani, ungo uko mapajani, vidole vinakwenda. Punje nyeusi anaitupa huku, iliyovunjika anaitupa kule, nzuri inabaki katika ungo. Mikono yake haisimami. Mdomo nao hausimami, kwa sababu anasimulia sinema.

"Basi yule bwana mnene akaingia jikoni," anasema bila kuinua macho. "Akamkuta mpishi amesinzia, na kuku wa kuoka yuko mezani. Akanyoosha mkono wa kulia..."

"Kulia kwa mbele au kulia kwa nyuma?" anauliza mwanamke wa mkeka wa pili, na ghala zima linaangua kicheko.

Wegesa naye anacheka, amejifunika mdomo kwa ncha ya kanga. "Kulia kwa kweli," anajibu. "Nimeshageuza."

Mgeni akilisikia swali hilo hatajua wanacheka nini. Lakini miezi mitatu tu iliyopita swali hilohilo lilimfanya Wegesa aitwe mwongo na wanawake kumi na wanane, akachambua kahawa wiki nzima bila mtu kumwambia neno zaidi ya salamu.

Wegesa ana miaka ishirini na minne na mtoto mmoja wa kike, Efrazia. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la tatu. Mama yake alipougua, akaitwa nyumbani kulea wadogo zake, na hakurudi tena shuleni. Mume wake, Waitara, anafanya kazi ya reli Kisumu na huja nyumbani wakati wa Krismasi. Yeye anaishi Nkende, katika mji wa baba mkwe wake, Mzee Nyangwine.

Msimu wa kahawa unapofika anatembea kila siku hadi ghalani. Analipwa senti themanini kwa siku, na msimu hauzidi miezi mitano. Fedha hiyo ni ya chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Akiulizwa ni nini kinachompendeza katika kazi hii, hataji malipo. Anasema ni kwamba kazi ya kuchambua inaacha mdomo huru.

Na mdomo wake una la kusema. Gari la sinema la serikali hutoka Musoma kila baada ya miezi mitatu au minne na kusimama katika uwanja wa mpira wa Nkende jua likizama. Wanawake wengi wa ghalani wanatoka mbali, wengine mwendo wa saa mbili kwa miguu, na hawawezi kusubiri. Wao sinema wanaisikia kwa Wegesa.

Amekwisha kuona picha kumi na moja, na zote anazikumbuka kwa mpangilio. Ile ya bandarini aliipenda kwa sababu ya mashine yenye shingo ndefu iliyoinua motokaa nzima kama paka anavyobeba mtoto wake. Lakini picha ile ilimwacha na swali. Meli ilionyeshwa nje tu, na yeye alitaka kujua watu mia tatu wanapika wapi mle ndani.

Ya josho la ng'ombe haikumfurahisha sana. Ng'ombe walikuwa wazuri, anasema, ila mpiga picha hajui ng'ombe. Alikuwa akimtazama mtu aliyeshika fimbo wakati ndama amekwama mlangoni.

Na picha ya chakula cha watoto ilimkasirisha. Mama katika picha alipika uji, akaongeza maziwa, akaongeza yai, kisha picha ikakatika. "Wanapika, lakini hawaonyeshi mtoto akila," anasema. "Sasa mimi nitajuaje kama aliupenda?"

Msimamizi wa ghala, Tomaso, anakiri kwamba hapo mwanzo alitaka kuzuia masimulizi hayo. Kisha akapima. Siku ambazo Wegesa anasimulia, wanawake hawainuki kwenda nje mara kwa mara, na magunia yanajaa kabla ya saa tisa. Tangu hapo hajasema kitu. Siku nyingine husogeza kiti chake karibu na mkeka, akajifanya anakagua punje.

Ili kuelewa kosa la Wegesa, lazima kwanza kueleza jinsi alivyokuwa akitazama.

Huku kwetu mke wa mtoto na baba mkwe wake wana soni kati yao. Hawaketi pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mzee haingii nyumba ya mwanawe. Akiwa na neno kwa mke wa mwanawe, neno hilo hupitia kwa mama mkwe. Kwa miaka sita Wegesa amepokea maneno ya Mzee Nyangwine kupitia kwa Ghati, mke wa mzee, na majibu yamerudi kwa njia hiyohiyo.

Gari la sinema lilipokuja mara ya kwanza hakuna aliyefikiria jambo hilo. Watu walikaa uwanjani wote pamoja, wazee kwenye vigoda mbele, wanawake nyuma yao. Picha mbili zilipita vizuri. Ya tatu ilionyesha Wazungu wakioga ziwani, wanaume kwa wanawake, na nguo zao zilikuwa fupi kweli.

Wazee walijifunika mablanketi vichwani kama watu waliopatwa na mvua ya mawe. Wanawake walioolewa walitawanyika. Kutazama kitu kama kile huku baba mkwe amekaa hatua kumi mbele yako ni jambo ambalo hakuna aliyejua hata liitwe nini.

Wegesa alikimbia akavuka uwanja, akajikuta ameketi katikati ya shamba la mihogo. Alipoinua macho aliona ajabu. Shamba lile liko upande wa pili wa kitambaa cheupe kinachoonyeshewa picha. Picha ilikuwa ikiendelea juu ya kitambaa kilekile, inang'aa, na wazee hawaonekani kabisa. Kitambaa kilikuwa kimewaficha wao kwake na yeye kwao.

Akakaa palepale mpaka mwisho.

Kesho yake wazee walikubaliana kwamba wake za wana wasije tena sinema. Wegesa alimwendea mama mkwe wake na kumweleza alichokiona mihogoni. Ghati akapeleka neno. Wazee walilizungumza siku mbili, wakaona halina ubaya. Anayekaa nyuma ya kitambaa wao hawamwoni, naye hawaoni wao. Tangu siku hiyo, wake za wana wa Nkende wana upande wao.

Upande huo una shida mbili. Kipaza sauti kimeelekezwa mbele, kwa hiyo maneno ya Bwana Filemoni, mfasiri wa gari la sinema, hufika nusunusu. Shida ya pili hawakuijua.

Mwezi wa Machi ililetwa picha ya kufundisha waendesha baiskeli. Wegesa alimwona mtu kwa mgongo, amepanda baiskeli yake kwa adabu, na mara zote alishika upande wa kulia wa barabara. Wenzake sita waliokaa naye waliona hivyo hivyo. Asubuhi yake akasimulia ghalani kwamba serikali inataka baiskeli zipite kulia.

Mmoja wa wasikilizaji alikuwa Teresia, ambaye mume wake, Wangwe, alikuwa na baiskeli mpya ya wiki mbili. Teresia alimfikishia mumewe agizo. Wangwe ni mtu wa kutii. Jumamosi akashika njia ya Sirari, akabaki kulia kwa uaminifu wote, hadi alipokutana na lori la kahawa kwenye kona.

Dereva alipiga honi. Wangwe, akijua kwamba yeye ndiye mwenye haki, hakuhama. Sekunde ya mwisho akajitupa mtaroni. Alitoka na kiwiko kilichochunika na gurudumu lililopinda. Dereva alishuka na kumuuliza ni nani aliyemfundisha kuendesha. Wangwe akajibu kwamba ni sinema.

Jumatatu Teresia hakuketi kwenye mkeka wa Wegesa. Na aliyechochea moto zaidi alikuwa Christina, wifi yake mwenyewe. Christina ni binti wa Mzee Nyangwine, naye huchambua kahawa palepale; hajaolewa, kwa hiyo kwenye sinema hukaa mbele na watu wengine. Yeye alimwona mwendesha baiskeli kushoto, na mfasiri alisema kushoto.

"Wifi, wewe ulikuwa unatazama sinema au unaota?" alimwambia mbele ya wote. "Karibu ufanye wajane wawe wengi hapa Tarime."

Wegesa anasema maneno yale yalimwingia. "Nilijua nilichokiona," anasema kwa sauti ndogo. "Lakini na Christina naye si mwongo. Nikawa najiuliza, mtu mmoja anawezaje kupita kulia na kushoto?"

Hakusimulia tena. Ghala likawa kimya, punje zikasikika zikianguka. Wenzake waliokaa naye nyuma waliogopa kumtetea. Mmoja alifikia hatua ya kusema kwamba labda alisinzia.

Jibu lilikuja siku ya nane. Tomaso alimpa karatasi nyembamba za kubandika kwenye magunia, kila moja ina muhuri wa chama cha ushirika. Upepo wa dirishani ukainua karatasi moja, akaidaka, mwanga wa jua ukapita ndani yake. Muhuri ulionekana kwa nyuma. Ni ule ule, lakini herufi zilikuwa zinakwenda kinyume, kama watu waliogeuka kurudi nyumbani.

Wegesa aliigeuza. Herufi zikakaa sawa. Akaigeuza tena. Anasema alifanya hivyo labda mara ishirini, mpaka Tomaso akamuuliza kama karatasi ina mdudu.

Kisha akakumbuka kitu. Tangu ahamie mihogoni, kila picha ilipoanza kulikuwa na maandishi juu ya kitambaa, na yeye, mtu wa darasa la tatu, hakuweza kuyasoma hata neno moja. Alikuwa akidhani ni Kiingereza.

Akachukua kipande cha mkaa, akachora kwenye karatasi njia na mtu wa baiskeli upande wa kushoto. Akamwita Christina asimame upande huu wa dirisha, Teresia asimame upande ule, karatasi ikiwa katikati yao. Akawauliza mmoja mmoja baiskeli iko upande gani. Christina akasema kushoto. Teresia akasema kulia. Wakatazamana juu ya karatasi.

"Kwa hiyo mume wangu aliingia mtaroni kwa sababu ya soni ya mkwe wako," Teresia alisema polepole. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini.

Christina hakuomba radhi kwa maneno. Siku hiyo alimbebea wifi yake mtungi wa maji kutoka kisimani mpaka nyumbani, na Wegesa hakuhitaji zaidi.

Jina lake likarudi. Lakini sasa alikuwa na hamu iliyomkosesha utulivu. Alikuwa ameona picha kumi na moja, na ukiondoa zile mbili za siku ya kwanza, hakuna hata moja aliyoiona kama ilivyo. Gari lilitazamiwa kurudi tarehe ishirini ya mwezi huu. Alimwomba mama mkwe wake apeleke neno kwamba wake za wana wanaomba picha moja tu, ile fupi kuliko zote, waitazame kwa mbele.

Neno hilo liliwakuta wazee wamekaa kwenye kiwanja cha ng'ombe. Wengi walikataa hata kulisikiliza. Mzee Werema, jirani, aliuliza kama sasa yeye na mvi zake akakae mihogoni kama bibi harusi.

Kisha Mzee Nyangwine akatia neno lake. Ghati, aliyesimama pembeni akisubiri jibu, ndiye anayesimulia alichosema.

"Mimi ng'ombe nikitaka kumnunua namzunguka. Hii sinema nimeitazama upande mmoja tu, mwaka wa pili sasa. Mke wa Waitara ameniambia ina upande mwingine. Mimi nataka kuuona."

Wazee walibishana mpaka ng'ombe wakarudi. Hatimaye waliokuwa na hamu ya kuona watu wa sinema wakigeuka kuwa wa mkono wa kushoto walikuwa wengi kuliko waliokuwa na aibu ya kukaa mihogoni. Mzee Werema alisema ataenda, ila achukue kigoda chake mwenyewe. Bwana Filemoni ameshapelekewa barua, iliyoandikwa na Wegesa kwa mkono wake, kumweleza kwamba baada ya picha ya kwanza asimamishe mashine ili watu wabadilishane upande kwa ile picha fupi, wazee wakizunguka kwa njia ya kaskazini na wanawake kwa njia ya kusini, wasikutane.

Jambo moja bado linamtia Wegesa hofu. Mzee Nyangwine ameweka sharti. Baada ya sinema anataka kusikia kila kitu kilichokuwa mbele, ili akilinganishe na alichokiona yeye, na hataki kukisikia kwa Ghati, kwa kuwa Ghati huchanganya picha na kuongeza zake. Mzee atakaa kiwanjani, amelipa jiko mgongo. Wegesa ataketi nyuma ya ukuta wa jiko. Wataulizana hapo, bila kuonana.

Wegesa anaokota punje nyeusi, anaitazama, anaitupa pembeni. Anasema kwa miaka sita hajawahi kumwambia mzee yule neno lolote kwa sauti yake mwenyewe, hata moja. Usiku analala akilipanga neno la kwanza, na kila asubuhi analikuta halifai.

"Nitaanza na ile picha fupi," anasema. "Nikisikia hajaondoka, nitaendelea."