Upande wa Tatu wa Kanga

Ukitaka kucheka, cheka sasa, kwani nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya sikuhadithiwa. Yamenifika mwenyewe, nyumbani kwangu Kiponda, miaka michache baada ya Mapinduzi, na kovu ninalo mkononi.

Nilikuwa nikilea paka wa watu. Ndiyo, paka! Mtu akisafiri ananiachia paka wake, nami namlisha vichwa vya samaki wa sokoni Darajani na kumwekea majivu ya jikoni kwenye karai ajisaidie. Majirani walinicheka: wenzake wanapanga foleni ya mchele, yeye anapanga sahani za paka. Lakini amana ni amana, na nilikuwa na utaratibu wangu. Mwenye paka huja na doti ya kanga isiyokatwa. Naikata mbele ya macho yake, mkasi naupitisha upogo makusudi. Upande mmoja paka anaulalia, wa pili mwenyewe anaondoka nao. Akirudi, tunaunganisha kingo. Zisipokutana, paka hatoki.

Bi Salma, mjane wa mtaani kwetu, aliniletea Shaba, paka dume mwekundu, kumbukumbu pekee ya marehemu mumewe. Alikuwa anakwenda Jambiani kwa bintiye aliyejifungua, mpaka arobaini itoke.

"Mwanangu, nnakuachia roho yangu," aliniambia. "Sina mwengine wa kuzungumza naye."

Shaba hakula. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilimchambulia samaki miiba, nikamlambisha maziwa kwa kidole, wapi! Alijikunja juu ya kanga ananitazama tu. Usingizi ulinipaa. Akinifia, nitamwambia nini bibi wa watu?

Siku ya tano, baada ya alasiri, mvua ya masika inamwagika, nikasikia hodi. Nikafungua. Bi Salma! Wallahi nilitaka kumkumbatia.

"Shikamoo, Bi Salma. Mbona mapema? Karibu ndani."

"Nshakuja kumchukua Shaba," akasema. "Nna haraka."

Hakuitikia. Bi Salma, ambaye ukimwamkia vibaya anakurudisha uanze upya! Nililiona hilo, nikalipuuza. Akaninyooshea upande wake wa kanga. Nikaleta wangu, nikaunganisha: kingo zikakutana, kila kona ya mkasi mahali pake.

Nikaingia kumchukua paka. Paka wote sita niliokuwa nikiwalea walikuwa wamejibana chini ya kitanda, na Shaba, ambaye siku tano hakutoa sauti, akapiga ukelele kama mtoto. Alining'ang'ania, niamini, akanichana kutoka kiwiko mpaka kiganja. Nami nikambandua ukucha mmoja mmoja, nikamkabidhi, kwa sababu kanga zimekutana, na kwa sababu, nisiseme uongo, nilikuwa nimechoka kumwogopea. Yule bibi akaondoka na upande wake wa kanga, wangu hata hakuudai.

Nilipofunga mlango ndipo nikakumbuka kanga yake. Mvua yote ile, na ilikuwa kavu. Nikafungua tena. Ngazi tupu.

Wiki tano baadaye Bi Salma alipanda ngazi zile zile akihema, na kifurushi cha dagaa wa Jambiani. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Yu wapi bwana mkubwa wangu?"

Upande wake alikuwa ameushika. Tukaunganisha na wangu. Kingo zikakutana. Sasa niambie wewe: doti ina pande mbili, ule wa tatu ulitoka wapi?

Nilimweleza yote. Hakunigombeza. Tulimtafuta Shaba mpaka mtaa wa Malindi, hatukuona hata unyoya. Alisema amenisamehe, lakini kila alasiri, mpaka alipofariki, alikuja kukaa kwenye ngazi yangu akiita, "Shaba, Shaba," nami ndani, naona haya kutoka.

Paka wa watu niliwarudisha wote. Nawe ukiachiwa kitu chenye roho, usitazame kanga ya aliyekuja kukichukua. Kitazame chenyewe. Kikikung'ang'ania, usikitoe.

Masika iliyopita nilisikia hodi, sauti ni ya Bi Salma.

"Shikamoo," nikasema, mlango nimeukomea. Kimya. Kisha paka akalia nje, karibu na kizingiti, na mlio ule ninaujua. Nikashika komeo. Nikangoja niitikiwe salamu yangu, nikangoja mpaka adhana ya magharibi. Sikufungua.