Pikapu Iliyozoea Mteremko

Kipngeno amefanya kazi ya waya za magari pale soko la Chepseon tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na ukimuuliza kazi ikoje atakuambia inauma mgongo. Jibu limeisha. Maisha yake ameyalalia chali chini ya dashibodi za watu, miguu ikitokea mlangoni kama mtu aliyegongwa, akifunga redio na spika. Za harusi, za wahubiri, za wanasiasa. Nusu ya kelele za hapa ni kazi ya mikono yake. Nyumbani kwake hakuna redio. Mkewe, Joan, aliwahi kuomba moja, akaambiwa angoje kwanza masikio yapumzike. Bado anangoja.

Kibanda changu cha kutengeneza simu kimepakana na chake, ndiyo maana nilikuwepo siku ile pikapu ya maziwa ilipoletwa ikivutwa na trekta.

Pikapu ni ya ushirika wa wafugaji. Dereva wake, Okeyo, alikuja huku kutoka upande wa ziwa kuchuna majani chai, mashine ya kuchuna ikaja na kukaa kwa nafasi yake, akaangukia kazi ya kubeba maziwa. Mwenyekiti wa ushirika ni Mama Rodah, aliyestaafu ualimu kwa karatasi tu.

Sasa, kule chini kuelekea Fort Ternan simu haishiki. Ushirika ukanunua redio ya kuongea, ile ya kubonyeza na kusema, ili vituo vya maziwa vimwite Okeyo akiwa njiani. Kipngeno ndiye aliyeifunga. Moto wake, yaani umeme, aliupitisha kwenye swichi ya ufunguo: ukitoa ufunguo, redio inazima, betri inalala salama.

Asubuhi hiyo pikapu ilikataa kuwaka Fort Ternan, kando ya reli, na maziwa yote yakaharibika juani. Kamati ilikuwa imeshasema: ikionekana ni kosa la dereva, Okeyo arudishe ufunguo na aende kwao.

"Ni betri," Okeyo alisema kabla hajaulizwa.

"Wewe nyamaza kwanza," Mama Rodah akamwambia. "Mzee Kipngeno, hii redio ulifunga wewe. Kabla ya redio gari ilikuwa inawaka."

Kipngeno alimgeukia Okeyo. "Asubuhi unawasha na ufunguo?"

Okeyo akaangalia viatu vyake. "Naachilia mteremko tu, mzee. Gia ya pili."

Kila mtu huku huegesha gari likiangalia bonde. Unatoa jiwe kwenye gurudumu, linashuka, linaamka lenyewe. Betri inaweza kufa na ukamaliza msimu mzima wa mvua bila kupata habari za msiba. Fort Ternan ilikuwa na ubaya mmoja tu, pale kando ya reli ni tambarare.

"Mama, shika ufunguo," Kipngeno akasema. Alifungua waya mmoja wa betri, akaweka taa yake ndogo ya kupimia katikati ya waya na betri. Taa ikawaka kwa unyonge. "Ufunguo uko mkononi mwako. Kuna mtu anakunywa moto."

Mvua ilianza kunyunyiza. Mama Rodah akaja kujikinga kwangu, na Kipngeno akaingia chini ya dashibodi akiguna kwa kila kiungo cha mwili. Okeyo alichuchumaa pale mlangoni, akidhani sisi hatusikii.

"Mzee, sema ni betri. Nakuomba. Betri haina watoto."

Kipngeno alipotoka alikuwa na waya nyekundu mkononi. Ilikuwa imehamishwa kutoka kwa swichi, ikapelekwa moja kwa moja kwenye betri ili redio isizime kamwe, na pale ilipoungwa ilikuwa imefungwa plasta ya kidonda.

"Angalau aliipeleka hospitali," nikasema. Hakuna aliyecheka.

"Ni kazi yako au ni yake?" Mama Rodah akauliza.

Kipngeno aliketi kwenye kizingiti cha mlango wa gari.

"Okeyo, mwambie kwa nini uliihamisha."

"Mzee…"

"Mwambie. Mimi sina nguvu ya kuongea kwa niaba ya watu."

Okeyo akasimama. "Nikifika ofisini mnachukua ufunguo, ati nisichome mafuta nikingoja kupakua. Redio inazima. Vituo vinaita, hakuna mtu. Halafu mama ukanigombeza mbele ya watu, ukasema redio ijibiwe saa zote. Nikafanya ijibiwe saa zote."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Ukasema dereva ni wa kuendesha."

Mama Rodah aliutazama ule ufunguo mkononi mwake. Amri zote mbili zilikuwa zake.

"Alikosea," Kipngeno akasema. "Hakuweka hata fyuzi, siku moja ingemchoma pamoja na maziwa. Lakini mkimfukuza, huyo mwingine mtampokonya ufunguo vilevile. Naye atatafuta plasta."

Mvua ikapiga mabati kidogo. Mama Rodah akavuka tope, akaweka ufunguo kwenye kiganja cha Okeyo.

"Kuanzia leo utakaa nao. Na hii gari italala uwanja wa ofisi, pale tambarare. Kila asubuhi uwashe na ufunguo nikiona. Kamati nitaiambia maziwa ya leo yaliharibiwa na ofisi."

Okeyo alisema asante kwa mama. Kwa Kipngeno aliisema baadaye, kwa sauti ya mtu aliyeng'olewa jino: amesaidika, lakini ameumia.

Kurudisha waya mahali pake, na fyuzi yake, kulichukua jioni yote. Kipngeno alipomaliza alikusanya koleo zake, akapanda polepole hadi kwenye gari yake, Probox, juu karibu na kanisa. Ilikuwa imeegeshwa ikiangalia bonde, na jiwe kwenye gurudumu. Stata yake, ile mota ya kuwashia, imekufa tangu Pasaka.

"Mzee, hiyo utaitengeneza lini?" nikamuuliza.

Akainama kutoa jiwe, mkono mmoja kiunoni.

"Hapa Chepseon fundi wa waya ni mmoja," akasema, "na amechoka."