Ombati, Si Mimi Niliyechoma Ile Giaboksi

Bado inakataa kuingia kwa akili yangu. Ombati, fundi wa breakdown yetu hapa Kiogoro, mtu nimefanya kazi naye miaka kumi na moja, tumemzika juzi kwao Nyamira.

Jumatano alikuwa ananawa mikono aende lunch. Akaanguka pale bombani. Daktari akasema ni moyo. Basi, hivyo tu.

Kwa wale hawakumjua: breakdown yetu ya kuvuta magari yaliyoharibika ni pickup kuukuu ya automatic, ina winchi nyuma. Mimi niliiendesha, Ombati aliitibu. Hakuwahi kusema kutengeneza, alisema kutibu.

"Mokaya, washa. Iache ipate joto. Weka mahali tambarare." Halafu anapitisha lever kwa gia zote pole pole, anavuta stiki ya oili, anaifuta kwa kitambaa cheupe, ananusa. Ananusa jamani! Kama mama anayekagua maziwa ya jana.

"Nyekundu, ni mzima. Kahawia, ni mgonjwa. Nyeusi na inanuka mandazi ya kuungua, itisha mchungaji."

Na giaboksi ya zamani hakuimwaga oili yote mara moja. "Mzee humtoi damu yote siku moja, atakufia mkononi." Anatoa lita tatu, anarudisha lita tatu mpya, anangoja wiki kadhaa, anarudia. Mafundi wa town walimcheka. Gari walizotibu wao ziko wapi leo?

Jumamosi hakugusa spana. Msabato kamili! Ijumaa jua likianza kushuka unamwona anakusanya vifaa mbio mbio, hata kuaga hakuagi. Hiyo haraka yake ya Ijumaa muikumbuke.

Sasa wacha niseme kitu kinaniuma.

Miaka miwili iliyopita, siku ya Jumapili, nilivuta lori la ndizi kutoka Nyamarambe. Kufika mlimani pickup ikaanza kuteleza. Injini inapiga kelele, gari haiendi. Harufu ya mandazi ikajaa ndani. Nikajua tumekwisha.

Ombati alivuta stiki, akanusa, akairudisha haraka. Halafu mbele ya boss akasema, "Mokaya alipanda mlima na mzigo bila kuzima overdrive. Ameichoma."

Nilikuwa nimeizima hiyo gia ya mwendo kasi! Naapa niliizima. Lakini fundi akishasema, nani atamsikiza dereva? Hata mimi nikaanza kujishuku. Labda kidole hakikubonyeza vizuri.

Boss akachukua ufunguo. Miaka miwili nimekuwa mtu wa kufunga minyororo, mwingine anaendesha. Pale stage wakanibatiza Mokaya Mandazi. Hata wewe uliniita hivyo, Ombati. Ulicheka mpaka ukashika mbavu.

Na bado nilikuita rafiki. Kila Jumapili nilikushikia tochi ukiwa chini ya hiyo pickup. Filta mpya. Oili kidogo kidogo. Cooler ya ziada ya kupoza oili pale mbele. "Hii lazima ipone," ulikuwa unasema. Nilidhani unanisaidia kufuta aibu yangu.

Juzi tukikupeleka nyumbani, gari lililobeba jeneza lilikwama kwa matope, pale mlima wa kwenu. Breakdown yetu ilikuwa inafuata, lakini dereva wetu aliangalia ile njia akasema, "Yaya, hapana, mimi hapo siwezi." Boss akanitupia ufunguo.

Nikalifunga mnyororo, nikazima overdrive. Nikaweka L, gia ya nguvu. Nikakanyaga pole pole. Giaboksi ikashika, haikuteleza hata kidogo, na waombolezaji wakaanza kuimba huko nyuma. Nililia kwa usukani. Nikasema fundi wangu, kumbe umeitibu kweli.

Baada ya mazishi mke wako, Mama Kemunto, akaniita nyuma ya jikoni. Akanipa exercise book yenye alama za vidole vya grisi. "Baba Kemunto alisema siku moja nikupe. Alikuwa anaogopa kukuangalia usoni."

Ni kitabu cha giaboksi, kama kadi ya kliniki. Tarehe, lita, rangi, harufu. Nikatafuta ile Ijumaa kabla ya safari ya Nyamarambe. "Sabato inaingia. Nimeongeza oili haraka. Nilichukua mtungi wa oili ya winchi badala ya oili ya giaboksi. Nimekumbuka nikiwa kanisani."

Kanisani! Sawa, Sabato unazima simu. Na Jumapili asubuhi je? Ulinipa ufunguo kwa mkono wako, ukaniambia safari njema!

Halafu chini ya kila ukurasa, miaka miwili: Nimwambie Mokaya. Lita tatu, bado kahawia, nimwambie Mokaya. Filta mpya, nimwambie Mokaya. Ukurasa wa mwisho: "Nyekundu, haina harufu. Imepona. Jumapili hii lazima nimwambie Mokaya."

Ukaanguka Jumatano.

Najua mtaandika kwa comments ati marehemu hasemwi vibaya. Sawa. Mimi nilisemwa vibaya nikiwa hai, na aliyenisema alijua ni uongo. Hiyo nayo mniambie niiweke wapi.

Ungeniambia tu, ndugu yangu. Ningekasirika wiki moja, tungekula ugali na mboga ya chinsaga kwako, yaishe. Kosa lingemtokea yeyote. Ni kunyamaza ndiko kumeniumiza. Ulihurumia giaboksi kuliko mimi.

Boss amekisoma kile kitabu. Jana alinipa ufunguo tena, na mara hii hakutupa, aliuweka mkononi mwangu.

Leo asubuhi nimeiwasha. Nimeiacha ipate joto, mahali tambarare. Nimepitisha gia zote, nimevuta stiki, nimeifuta kwa kitambaa chako cheupe. Nyekundu safi. Nikageuka nikuonyeshe.

Lala, Ombati. Hilo neno 'salama' nitaliongeza kidogo kidogo, vile ulinifundisha.